Nyumba na Vyombo Vyake: Feni Isiyosikia Rimoti

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya mtungi wa gesi na mpira wake, tukaahidi kwamba zamu hii tutaeleza habari za birika la umeme. Twaomba ahadi hiyo tuiahirishe, kwani barua tulizoletewa tangu joto la Septemba lilipoanza karibu zote zauliza jambo moja, nalo ni feni ya darini yenye rimoti na taa zake, ambayo jana ilikuwa ikitii na leo haitii. Ndugu mmoja wa Geita atwambia kwamba feni yake huzimika usiku peke yake. Bibi mmoja wa Isaka ataka kujua kwa nini taa zake huwaka zenyewe saa nane za usiku, nyumba nzima imelala. Na mzee wetu mmoja wa hapa hapa Kagongwa alituuliza kwa mdomo, baada ya sala ya alasiri, kama yafaa chumba hicho kisomewe dua.

Dua haimdhuru mtu. Lakini kabla ya kumwita msomaji, betri nayo yafaa itazamwe. Wala hatusemi haya kwa kumcheka mwenzetu, maana yaliyotupata sisi ni makubwa zaidi, na leo tumeazimia kuyaeleza yote, pamoja na yale ambayo tungependa yafichike.

Kwa msomaji asiyeijua Kagongwa, hii ni kata ya Manispaa ya Kahama, kandoni mwa barabara ya lami iendayo Isaka, na sifa yake kubwa ni mchele. Mashine za kukoboa mpunga ni nyingi, na zinapofanya kazi, vumbi la pumba huingia kila mahali, hata ndani ya kitabu kilichofungwa. Kwa ajili ya vumbi hilo chuo chetu hakiwezi kufungua madirisha ya upande wa mashine, na watoto 40 wakikaa chumbani bila ya upepo hawasomi, husinzia. Kwa miaka mingi tulikuwa na feni moja kuukuu katika chumba cha kwanza, yenye kile kitufe cha mviringo ukutani chenye namba kutoka 1 hadi 5, ambacho mafundi hukiita regyuleta. Ilipokufa, mtu mmoja mwenye huruma alitununulia Kariakoo feni tatu mpya zenye taa, kila moja na rimoti yake, akazifanya sadaka kwa chuo. Fundi akaja, akazitundika zote kwa siku moja, tukamshukuru na kumlipa.

Rimoti ya chumba cha kwanza tulimkabidhi binti mmoja wa Juzuu Amma, mtoto mwaminifu, akaaye karibu na ukuta. Baada ya wiki sita feni ile ikaanza kuvuma kama nyuki walio ndani ya mtungi. Siku ya tatu ikasimama kabisa, naye binti ameishika rimoti mkononi akiibonyeza. Mvulana mmoja akasema kwamba aliiangusha. Binti akasema hakuiangusha. Jua lilikuwa kali, watoto wanapiga kelele, nasi tukaliamini la mvulana.

Tukampelekea habari mama yake kwamba rimoti imevunjika na itapasa kulipwa. Mama huyo hupepeta mchele mashineni, hutenga chenga na mawe, na ujira wake ni wa kutwa. Hakubishana nasi. Ijumaa ile alileta shilingi 5,000 zimefungwa kwenye pindo la kanga, na Ijumaa iliyofuata akaleta 5,000 nyingine, tukaziandika katika daftari. Binti aliendelea kuja chuoni, ila alihama mwenyewe kutoka karibu na ukuta akaenda kukaa safu ya nyuma.

Tukachukua fedha hizo, tukaongeza nyingine kutoka sanduku la chuo, tukaagiza rimoti mpya ya namna ile ile. Ilipofika tukaibonyeza, na feni haikutikisika. Hapo ndipo tulipoanza kutafuta sababu, jambo ambalo lilipasa kuwa la kwanza.

Sasa tuwaeleze wasomaji chombo chenyewe kilivyo. Kina viungo vinne, na asiyevijua atakitupa chote kwa kosa la kiungo kimoja. Cha kwanza ni rimoti iliyo mkononi. Cha pili ni kipokezi, kisanduku kidogo kilichofichwa ndani ya kikombe cha juu penye ndoano, nacho ndicho kisikiacho amri na kugawa umeme. Cha tatu ni mota pamoja na kapasita yake. Cha nne ni taa. Watu wengi huijua rimoti na taa tu, kwa sababu ndizo wazionazo, basi lawama zote huangukia hapo.

Rimoti nazo ni za namna mbili. Kuna zitumiazo mawimbi ya redio, na hizo hupita ukutani, hata ukiwa chumba cha pili feni itasikia. Nyingine hutumia mwanga wa infraredi, ambao jicho la mwanadamu haliuoni, na hizi hutaka kuonana uso kwa uso na kipokezi. Pazia likikaa katikati, amri haifiki. Jua kali likimulika penye kipokezi, vile vile amri hupotea. Wala tabu hii si ngeni. Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Chicago iliuza rimoti ya televisheni iliyobuniwa na Eugene Polley, ikiitwa Flash-Matic, iliyofanya kazi kwa mwali wa mwanga mfano wa kurunzi. Walioinunua wakaona ajabu kwamba jua likiingia dirishani, televisheni hubadili stesheni yenyewe. Mwaka uliofuata Robert Adler wa kampuni hiyo hiyo akatoa nyingine iliyotumia sauti nyembamba isiyosikiwa na masikio yetu. Wamarekani nao, basi, walikuwa na jini wao sebuleni, na jina lake lilikuwa jua.

Kuijua rimoti ya infraredi kama yu hai ni jambo jepesi. Chukua simu yenye kamera, ielekeze rimoti kwenye kamera hiyo, ubonyeze kitufe huku ukitazama kioo cha simu. Ukiona nukta nyeupe au ya zambarau ikimetameta, rimoti inasema. Kamera ya mbele aghalabu huonyesha vizuri kuliko ya nyuma, kwani nyingi za nyuma zina kichujio cha kuuzuia mwanga huo. Rimoti ya redio haiwezi kujaribiwa hivi. Kutoona kitu si dalili kwamba imekufa, na wengi wamezitupa nzima kwa kudanganyika hapa.

Unapoanza kutafuta, anza na kisicho na gharama. Tazama swichi ya ukutani. Feni hizi hutaka swichi yake iachwe wazi daima, kwani kipokezi kikikosa umeme hakisikii chochote, nao wageni na watoto wana desturi ya kuzima swichi watokapo chumbani. Tena tazama kama umeme upo na kama uniti za Luku hazikwisha. Twamjua bwana mmoja, hatumtaji, aliyefungua rimoti mpaka sahani yake ya ndani hali nyumba nzima haikuwa na umeme. Kisha badili betri, zote kwa pamoja, usichanganye mpya na iliyokwisha tumika. Ukikuta ungaunga mweupe kwenye chuma cha betri, hiyo imevuja. Upanguse kwa kitambaa chenye tone la ndimu au siki, ukaushe vizuri, ndipo uweke mpya. Na rimoti ikiwekwa bila ya kutumiwa kwa muda mrefu, betri zitolewe.

Yote hayo yakiwa sawa, huenda rimoti na kipokezi vimesahauliana. Katika feni za namna ya zamani kidogo, ndani ya rimoti, chini ya betri, mna vijiswichi vinne vidogo sana vya kusukumwa kwa ncha ya kalamu, na ndani ya kipokezi mna vinne kama hivyo. Vikiwa katika mpango mmoja, husikilizana. Kimoja tu kikitofautiana, hawajuani. Vijiswichi vinne vyatoa mipango 16, na kwa kuwa kiwandani aghalabu huachwa katika mpango mmoja, jirani aliyenunua feni kama yako katika duka lile lile aweza kuizima yako akiwa kitandani kwake, wala yeye hana habari. Dawa yake ni kubadili mpango wa rimoti na wa kipokezi kwa pamoja. Katika feni mpya hakuna vijiswichi. Huzimwa swichi ya ukutani, ikawashwa tena, na kabla ya nusu dakika kupita hushikiliwa kitufe fulani cha rimoti kwa sekunde kadhaa mpaka taa ikonyeze au kengele ilie. Kitufe chenyewe hutofautiana, kwa hivyo karatasi ya maelezo isifungiwe vitumbua.

Kwa ndugu yetu wa Geita, feni izimikayo usiku saa ile ile haina ajabu. Rimoti nyingi zina vitufe vyenye saa 1, 2, 4 au 8, na ukikigusa gizani ukitafuta cha kupunguza mwendo, umeiamrisha feni izime baada ya saa hizo. Bonyeza kitufe cha kuzima, uwashe upya, na katika nyingi amri ile itafutika. Kwa bibi yetu wa Isaka, vipokezi vingi vimetengenezwa hivi kwamba umeme ukikatika na kurudi, taa huwaka bila ya kuulizwa. Ukienda safari, zima swichi ya ukutani, ama utarudi ukute taa zimewaka siku nne na uniti zimekwenda bure. Wapo pia walioandika kwamba feni yazunguka vizuri lakini haileti upepo. Hao watazame kama rimoti ina kitufe cha kugeuza mzunguko, ambacho katika nchi za baridi hutumiwa kusukuma hewa juu ili joto la darini lirudi chini. Huku kwetu kazi yake ni kuwafanya watu wagombane na mafundi. Ukisimama chini yake, feni nyingi hutaka kuzunguka kinyume cha mshale wa saa ndipo upepo ushuke.

Feni ikivuma bila ya kuzunguka, kisha ikizunguka ukiisukuma kwa ufagio, au ikienda polepole hata katika mwendo wa mwisho, mshuku kapasita, kiungo cha bei ndogo kiletacho lawama kubwa. Lakini kwanza tazama kama taa za nyumba nzima nazo zimefifia. Umeme wetu wapasa kuwa volti 230, na mashine kubwa zinapoanza kuzunguka mahali palipo na waya mrefu na watumiaji wengi, volti hushuka, na feni huchoka pamoja na kila kitu. Hiyo hakuna rimoti iwezayo kuiponya. Kapasita ina hatari yake, kwamba yaweza kushika umeme hata baada ya kuzimwa. Isiguswe na asiyeijua.

Turudi chuoni kwetu. Tulimwita kijana mmoja aliyesoma ufundi wa umeme na kufanya kazi hiyo katika mgodi mmoja wa huku kwetu. Alipofika hakupanda ngazi, wala hakuomba bisibisi. Aliomba rimoti ile ya binti, iliyokuwa imetupwa ndani ya kasha. Akafungua mgongo wake, akatazama vijiswichi, akafungua na rimoti ya chumba cha pili, akavipanga vya kwanza vifanane na vya pili. Kisha akaenda mlangoni mwa chumba cha pili na rimoti ya binti mkononi, akabonyeza. Feni ya chumba cha pili ikazunguka. Akabonyeza taa, zikawaka.

“Maalim,” akasema, “rimoti hii haina neno.”

Tulikaa kwenye benchi. Kazi aliyoifanya haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa, wala haikugharimu senti, na tungaliweza kuifanya wenyewe siku ile ya kwanza, kabla ya mtu kufungua pindo la kanga yake.

Kijana akarudi chumba cha kwanza, akatazama ukuta wa nyuma ya kasha la misahafu. “Na kitufe hiki cha mviringo, Maalim, ni cha nini?”

Tukamjibu kwamba ni cha ile feni ya zamani, fundi alikiacha kwa kuwa waya ulikuwa umekwisha pita hapo.

“Nani hukigusa?”

Hatukumjibu upesi. Kila alasiri upepo unapopeperusha kurasa za wadogo, sisi huenda nyuma ya kasha tukakizungusha kitufe kile kutoka 5 mpaka 2. Tumefanya hivyo miaka mingi, mkono ulikwisha zoea, na feni mpya ilipokuja mkono haukuambiwa.

Hapa twaomba wasomaji wasome polepole, kwani kosa hili limo katika nyumba nyingi zilizobadili feni. Regyuleta hupunguza umeme uendao juu. Feni ya zamani, ambayo si kitu ila mota na kapasita, ikipunguziwa huenda polepole, basi. Lakini feni ya rimoti ina kipokezi, chombo cha elektroni kinachotaka umeme wake kamili, na kupunguza mwendo ni kazi yake mwenyewe. Ukimpunguzia umeme kutoka ukutani, huanza kuvuma, hupata joto, na mwisho huungua. Na kwa kuwa kimefungiwa katika kikombe karibu na mbao za dari, joto hilo si la kuchezea. Hali ni hiyo hiyo kwa swichi za kufifiza mwanga. Nyuma ya feni yenye rimoti pawe na swichi ya kawaida tu, ya kuwasha na kuzima. Mwenye nyumba afuatane na fundi mpaka aione regyuleta imetolewa, asitosheke kuambiwa iache kwenye namba 5, maana nyumba ina mikono mingi.

Kijana alipokifungua kikombe, kipokezi kilikuwa kimeungua upande mmoja na chanuka. Mota ilikuwa nzima, taa nzima. Kilichotakiwa ni kipokezi kipya na swichi mpya, na bei ya vyote viwili haikufika nusu ya bei ya feni. Tukalipa kutoka mfukoni mwetu, kwani sanduku la chuo halikuzungusha kitufe. Fundi wa kwanza naye aliposikia alikuja akatoa regyuleta bila ya ujira, akasema hakudhani kwamba ingeguswa.

Anunuaye kipokezi ajue kwamba mota ni za namna mbili. Mota ya kawaida hutumia takriban wati 75, na ile mpya yenye sumaku ndani, iendeshwayo kwa elektroni, hutumia kama wati 30. Ikizunguka saa 10, ya kwanza imekula robo tatu ya uniti moja, ya pili chini ya theluthi. Ni tofauti ya maana kwa mwenye familia. Lakini kipokezi cha moja hakiwezi kuendesha nyingine, kwa hivyo nenda dukani na kile kilichoungua mkononi.

Juu ya taa maneno ni machache. Taa za LED zikimulika hafifu kama kimulimuli hata baada ya kuzimwa, yawezekana swichi imewekwa kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto, na hilo halifai kupuuzwa, maana hapo balbu imezimika lakini soketi bado ina umeme wa kumrusha mtu. Zikibadili rangi, nyeupe, manjano, tena nyeupe, kila uwashapo swichi, hazina ugonjwa, ndivyo zilivyotengenezwa. Na rimoti ya redio ikisikika karibu tu baada ya kutia balbu mpya ya bei rahisi, itoe balbu hiyo ujaribu tena. Balbu mbovu hutoa kelele za redio ambazo sikio halizisikii lakini kipokezi huzisikia.

Liko moja ambalo hatutaki mtoto yeyote alisome nusu. Kuizima feni kwa rimoti si kuukata umeme. Juu kule kwenye kikombe umeme ungaliko, unangoja amri. Hata swichi ya ukutani haitoshi, kwa sababu tuliyoitaja ya waya wa nyutro. Anayepanda kugusa chochote na azime swichi kuu ya nyumba, amwambie mtu mmoja asimame hapo asiiwashe, kisha ahakikishe kwa testa. Katika nyumba kongwe waya wa moto ni mwekundu na nyutro ni mweusi. Katika mpya ni kahawia na buluu. Lakini rangi hupangwa na mwanadamu, nasi tumekwisha ona nyumba moja yenye waya wa kijani uliobeba moto. Kufungua rimoti, kubadili betri, kusukuma vijiswichi vya rimoti, hiyo ni kazi ya kila mtu, mwanamke kwa mwanamume. Kufungua kikombe ni kazi ya fundi. Na mapanga ya feni yasiwe chini ya futi 7 kutoka sakafuni, hasa katika vyuo, ambako vijana hupanda juu ya madawati.

Ilibaki kazi moja ambayo fundi hawezi kuifanya. Asubuhi ya Jumamosi tulichukua zile shilingi 10,000 tukaenda mashineni wenyewe. Mashine zilikuwa zikinguruma, na mama yule yuko kwenye turubai pamoja na wenzake, ungo mkononi.

“Mama,” tukasema, “tumekuja kukurudishia fedha zako. Rimoti haikuwa na kosa, wala mtoto hakuwa na kosa.”

“Wasemaje, Maalim? Sisikii.”

Tukarudia. Hakusikia tena. Ikatubidi tupaze sauti kama ya mwadhini, na wanawake wote wakasimamisha nyungo zao wakatazama. Tukasema mara ya tatu kwamba aliyeharibu feni ya chuo ni sisi.

Alizihesabu fedha, akazifunga pindoni. “Mtoto yuko pale nyuma ya magunia,” akasema. “Mwambie yeye.”

Alikuwa akimlea mdogo wake. Tukakaa juu ya gunia, tukamweleza kila kitu kama tulivyowaeleza ninyi, vijiswichi, kipokezi, na kitufe cha nyuma ya kasha, tukamwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kitufe kimekwisha tolewa. Tukamjibu kwamba kimetolewa.

Akasema kwamba alikuwa akituona kila alasiri tukikizungusha, na kila mara feni ilikuwa ikivuma, ila hakujua kama yafaa kumwambia Maalim.

Birika la umeme, inshallah, mwezi ujao.